Mdogo wangu amebaki na "sawa dada" tu: ni tabia au anaumwa?

Mshauri, habari za kazi.

Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 27. Tumezaliwa wawili tu na wazazi wote wametangulia, kwa hiyo mimi kwake ni dada na mzazi kwa pamoja. Amepanga kwake, anafanya kazi ya kuhariri video, na hadi mwaka jana hakukuwa na mtu wa kumzidi maneno. Nikimwandikia mstari mmoja, ananirudishia ujumbe wa sauti wa dakika nne, na nusu ya hizo dakika anacheka peke yake kabla hata hajafika panapochekesha. Watoto wangu wamekariri baadhi ya hizo sauti.

Sasa hivi napata "sawa dada". "Nipo." "Poa tu." "Msijali." Nikiuliza swali linalotaka maelezo, kimya, halafu jibu linaingia saa tisa usiku: "Nilikuwa nimelala." Aliyelala anajibu saa tisa usiku?

Siku akiongea ndiyo balaa. "Mimi sina bahati." "Mimi kila ninachogusa kinaharibika." "Siku zote mimi ndiye wa kuwaangusha watu." Mume wangu anasema shemeji yake ameota ubinafsi, kila sentensi mimi, mimi, mimi. Mwenzangu kazini naye akanitumia orodha ya maneno yanayofichua tabia ya mtu: ukisema hili una wivu, ukisema lile una kiburi. Nikachukua daftari, nikarudi nyuma kwenye meseji zake nikaanza kuhesabu. Nilipofika katikati nikaona aibu nikaacha, lakini tayari nilishaanza kumtazama kwa jicho jingine.

Mpira wa Jumamosi na wenzake ameacha. Alikuwa mtu wa kujipenda, siku hizi unamkuta na shati la juzi. Si kwamba hana mazuri. Mwezi uliopita alimpa kijana wa jirani kamera yake, ile aliyojinyima mpaka akainunua, na akanilipa deni ambalo hata mimi nilishalisahau. Nikampongeza. Akaandika, "Sitaki kubaki mzigo kwenu." Nikaona angalau kuna upande mmoja anakua.

Ninachoshindwa ni kumfikia. Nimejaribu kila kitu. Hanisikilizi hata siku moja, hafungui moyo kabisa, kila mara mimi ndiye wa kuanza. Je, hii ndiyo tabia yake halisi inajitokeza sasa amekuwa mtu mzima, au mtoto anaumwa? Na nikitaka kumwuliza naanzia wapi, asije akajifunga zaidi? Mume wangu anasema nimwache, mwanaume akizongwa na mambo hujitafutia njia mwenyewe.

Dada Mtu

*

Dada Mtu,

Kabla hujasoma mengine, mpigie mdogo wako leo. Kama unaweza kumfuata alipo, mfuate. Haya mengine yatakusubiri.

Sababu yangu haimo kwenye "mimi" ulizokuwa ukihesabu. Imo kwenye aya uliyoiandika harakaharaka, ile ya mazuri yake. Mtu aliyepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, halali vizuri, anagawa kitu alichokithamini kuliko vyote, analipa deni ambalo hakuna aliyelidai, kisha anaandika kwamba hataki kubaki mzigo: kila moja ya hizo peke yake ingeweza kuwa na maelezo ya kawaida. Zikija pamoja, ni miongoni mwa dalili ambazo wahudumu wa afya ya akili hufundishwa kuziangalia kwa mtu anayewaza kujiua. Huenda kamera aliichoka tu. Huenda deni lilikuwa linamsumbua na pesa ikapatikana. Sijui, na wewe hujui, na ndiyo maana inabidi aulizwe yeye.

Na umwulize waziwazi. Watu wengi wanaogopa kulitamka neno lenyewe wakidhani watampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Shirika la Afya Duniani limelisema hilo mara nyingi: kumwuliza mtu kama anawaza kujiua hakumsukumi kujiua. Mara nyingi humpunguzia mzigo, kwa sababu hatimaye kuna mtu anayeweza kulisikia. Kwa hiyo usizunguke na "huna mawazo mabaya, eti?", swali ambalo tayari limeshajibiwa na anayeuliza. Sema: "Umegawa kamera, umenilipa deni, ukaniandikia hutaki kuwa mzigo. Nimeogopa. Unawaza kujiua?" Kisha nyamaza. Kimya kinaweza kuwa kirefu. Usikijaze.

Akisema ndiyo, au akisita kwa namna inayokutia shaka, usimwache peke yake. Viondoe karibu yake vitu anavyoweza kujidhuru navyo. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo au piga namba ya dharura ya mahali mlipo. Usikubali kufungwa mdomo kwa ahadi ya "usimwambie mtu". Mwambie, "Siwezi kuahidi hilo, lakini nakuahidi sitafanya kitu bila wewe kujua."

Akisema hapana na ukamwamini, tumepata nafasi ya kuvuta pumzi, ila hatujamaliza. Sasa ndiyo nijibu ulichouliza.

Nianze na mumeo na hiyo "mimi, mimi, mimi". Dhana kwamba mwenye kujitaja sana ana kiburi ni ya zamani na karibu kila mtu anaiamini. Mwaka 2015 kundi la watafiti lilichapisha kazi iliyojumuisha watu zaidi ya 4,800, wakilinganisha wingi wa viwakilishi vya nafsi ya kwanza katika mazungumzo na maandishi yao na vipimo vya kujikweza. Uhusiano wa maana haukuonekana. Mwenye majivuno halazimiki kujitaja. Anaweza kutumia siku nzima akizungumzia makosa ya wengine.

Kilichoonekana ni kitu kingine. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, ametumia miaka mingi kuhesabu maneno madogomadogo ambayo hakuna anayeyachagua kwa makusudi. Mwaka 2004 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliochambua insha za wanafunzi wa chuo. Waliokuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, wakati wa kuandika walijitaja zaidi kuliko wale ambao hawajawahi kuipata. Maumivu huvuta macho ndani. Mwenye jino linalouma hana nafasi ya kuwaza habari za jirani, na hakuna anayemwita mbinafsi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mumeo amesikia sawasawa, alichokosea ni tafsiri. Ukizisoma tena sentensi za mdogo wako, hakuna hata moja anayojisifia.

Lakini usirudi kwenye daftari. Mwaka 2017 tafiti za namna hii zilipokusanywa pamoja, uhusiano kati ya sonona na kujitaja ulionekana kuwa wa kweli, ila mdogo. Unaonekana ukipima maelfu ya watu. Kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yako hauwezi kutoa hukumu. Tena hesabu hizo nyingi zimefanywa kwa Kiingereza, ambako "mimi" ni neno linalosimama peke yake. Kwetu nafsi imejificha ndani ya kitenzi: nimechoka, sijalala, naona giza. Mtu anaweza kuandika ukurasa mzima juu ya nafsi yake na hilo neno ulilokuwa ukilihesabu lisitokee hata mara moja.

Hiyo orodha ya mwenzako wa kazini, ifute. Hakuna neno ambalo ukilisikia unaweza kusema huyu ana wivu, yule ana kiburi. Maneno hubadilika kwa kumfuata msikilizaji, saa na kidole kinachochapa. "Nipo" na "poa tu" watu huandika mara elfu kwa siku wakiwa wazima kabisa. Wengine ndivyo walivyo, meseji zao zote zina neno moja, na ukikutana nao wanakuchekesha mpaka mbavu ziume.

Kilichonishtua mimi kwenye barua yako ni zile dakika nne, kwa sababu sasa hazipo. Tabia ya mtu, ile wanayoipima wanasaikolojia kwa kuangalia uchangamfu wake, utaratibu wake, wepesi wake wa kuingiwa na hofu, haikai palepale maisha yote, lakini mwendo wake ni wa miaka. Mtu mkimya ana historia ya ukimya. Ukiwauliza waliosoma naye watakwambia alikuwa hivyo hivyo. Mdogo wako ana historia ya kucheka kabla ya kichekesho. Hiyo ndiyo tabia yake. Mtu akibadilika ndani ya miezi michache katika mambo mengi kwa pamoja, katika kuongea, kulala, kuvaa, kucheza na kujibu simu, basi kuna kitu kimemkalia. Usimlinganishe na mumeo wala na mimi wala na orodha. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka juzi.

Madaktari wana kipimo cha maswali 9 kinachotumika sehemu nyingi duniani kuchunguza sonona. Kinauliza habari za wiki 2 zilizopita: hamu ya kufanya mambo imepungua? Huzuni? Usingizi umeharibika, uwe umepungua au umezidi? Uchovu, hamu ya kula, kujiona umeshindwa au umewaangusha watu wako? Kuna hata swali la kuongea au kutembea polepole kiasi cha wengine kutambua. La mwisho linahusu kuwaza kufa au kujidhuru. Pima mwenyewe ni mangapi umeyajibu kwenye barua yako bila kuulizwa. Sisemi ana sonona. Tezi ya shingo ikipunguza kazi humfanya mtu azubae na kupooza namna hiyohiyo, na zipo dawa, pombe, msiba usiozungumzwa, kazi iliyokwama, madeni ambayo hukuambiwa. Ndiyo maana anahitaji daktari wa kumpima mwili na akili. Mimi na wewe hatuwezi kumpa ugonjwa jina kwa kusoma meseji zake.

Kuna jambo jingine la lugha ambalo litakufaa mtakapokuwa mnaongea. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walichambua majukwaa 63 ya mtandaoni yenye washiriki zaidi ya 6,400. Walikuwa wanatafuta maneno yasiyoacha mlango wazi: siku zote, kamwe, kabisa, hakuna, kila kitu. Kwenye majukwaa ya wenye wasiwasi na sonona maneno hayo yalikuwa mengi kwa takriban asilimia 50 kuliko kwenye majukwaa ya kawaida, na kwenye yale ya watu wanaowaza kujiua kwa takriban asilimia 80. Maneno haya hayana huzuni ndani yake. Yanaonyesha jinsi mtu anavyoyaona mambo, kwamba ni yote au hakuna, hapana katikati. Mdogo wako anaandika "kila ninachogusa" na "siku zote mimi ndiye".

Na wewe, dada yangu, umeniandikia "nimejaribu kila kitu", "hata siku moja", "kabisa" na "kila mara" katika mistari miwili. Sikuchunguzi. Nasema tu kwamba unaonekana umechoka kuliko ulivyojiruhusu kusema, na mtu akifikia hapo huanza kusikia "sawa dada" kama dharau.

Mtakapokaa, usimwambie habari za daftari. Hakuna anayependa kujua kwamba meseji zake zilihesabiwa. Mwambie ulichokiona kwa macho, bila kukipa jina: umeacha mpira, unanijibu saa tisa usiku, sijasikia sauti yako ikicheka muda mrefu. Usianze na "umebadilika", maana hiyo ni kesi na yeye ataanza kujitetea. Watu wengi, hasa wanaume, huongea vizuri zaidi wakiwa hawatazamani uso kwa uso. Tembeeni, au msaidie kupanga chumba. Mikono ikiwa na shughuli mdomo hulegea.

Akikwambia "mimi siku zote naharibu", utataka kumpinga hapohapo kwa kumtajia mafanikio yake. Jizuie. Akili ikiwa pale, sifa zako zinaingia kama ushahidi kwamba humjui. Muulize kitu kidogo chenye tarehe: "Mara ya mwisho ilikuwa lini? Ilikuwaje?" Akianza kusimulia Jumanne fulani, mteja fulani, video iliyorudishwa mara mbili, mmeshatoka kwenye "siku zote" na mko kwenye jambo lenye ukubwa wake. Waganga wa akili wanaofuata njia ya kutibu kwa mazungumzo aliyoianzisha daktari wa akili Aaron Beck miaka ya 1960 hufanya kazi ya namna hiyo, kwa ustadi na kwa wiki nyingi. Wewe usijifanye mganga wake, ila swali hilo halihitaji cheti.

Yapo ya kuacha kabisa (nami nimelitumia neno hilo kwa makusudi). "Jikaze." "Wenzako wana shida kubwa kuliko hizo." "Omba tu, itapita." Hata hilo la tatu, kama nyinyi ni watu wa dua, liende pamoja na daktari, lisiwe badala yake. Ukisema "wenzako wana shida kubwa", utakuwa umemfundisha kwamba zake hazitoshi kusemwa, na kesho utapata "poa tu" nyingine.

Ombi la kwenda hospitali lifanye dogo. Usimwambie "unahitaji matibabu ya akili". Mwambie, "Usingizi wako umeharibika, twende ukapimwe, nitakaa nje kukusubiri." Wewe ndiye utafute siku, wewe ndiye upige simu ya miadi, kwa sababu mtu aliyelemewa hata kuchagua saa ni mlima. Ikithibitika ni sonona, inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Dawa hazifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua wiki kadhaa, na wengi huacha hapo katikati wakidhani zimeshindwa. Mjue hilo mapema wote wawili.

Pia watafute wale wenzake wa mpira, mmoja tu anayemfahamu vizuri. Muulize kama anaongea nao. Ikiwa kule bado anacheka na ni kwako tu ndiko amepooza, basi kuna jambo kati yenu la kuzungumza, na hiyo ni habari tofauti. Ikiwa kule nako ametoweka, umepata jibu jingine, na pengine umepata mtu wa kushikana naye mikono.

Nimalizie na mumeo. Hili la mwanaume kujitafutia njia mwenyewe, wengi wamezikwa nalo. Katika nchi karibu zote wanaume wanaokufa kwa kujiua ni wengi kuliko wanawake, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni hiyo ya kuchelewa kuomba msaada. Usimgeuze mumeo kuwa mshitakiwa, anasema alichofundishwa. Mpe kazi. Shemeji akimpitia jioni, akakaa naye saa nzima wakitazama mechi bila kutoa ushauri hata mmoja, atakuwa amesaidia kuliko anavyodhani. Nanyi mpeane zamu ya simu, leo wewe, kesho yeye, ili usiwe peke yako unayeikodolea macho saa tisa usiku.

Ukishaongea naye, niandikie alisemaje.

Mshauri